Dawa ya Mswaki ya Maji na Meno Yetu ya Singida

Siku hizi dawa ya mswaki haiji tena katika tyubu peke yake. Ziko chupa ndogo zenye dawa ya maji. Nyingine ni za kudondosha juu ya mswaki, nyingine zikibonyezwa hutoa povu. Wauzaji wake hawachoki kutuambia kwamba tyubu imepitwa na wakati. Akina mama wanauliza kama wawanunulie watoto. Vijana wanauliza jambo lingine, tena kwa sauti ya chini: je, chupa hiyo itaondoa ule ukahawia wa meno?

Tunatoa maoni yetu mapema, ili yule asiye na nafasi ya kusoma hadi mwisho asikose neno. Dawa ya maji si sumu, wala si muujiza. Anayeipenda na aitumie, mradi iwe na floraidi. Lakini ukahawia wa meno ya watu wengi wa mkoa wetu hautaondolewa na chupa wala na tyubu, na fedha inayotolewa kwa matumaini hayo ingefaa zaidi ikinunua pipa la kukingia maji ya mvua kwa ajili ya mtoto mchanga.

Tuanze na dawa yenyewe. Dawa ya mswaki ya kawaida ina unga laini sana wa kusugulia, kama chokaa iliyosagwa au silika. Ina sabuni kidogo, ndiyo inayoleta povu. Ina kitu cha kuleta ladha, aghalabu mnanaa. Na dawa nyingi zina floraidi, madini yanayoliimarisha gamba la jino lisitobolewe na asidi inayotokana na sukari. Katika dawa ya maji ule unga wa kusugulia hupunguzwa sana au huondolewa kabisa, na maji huongezwa. Mengine yote yanaweza kuwemo au yasiwemo, kwa kadiri ya mtengenezaji. Ndiyo maana hatuwezi kusema kwa jumla kwamba dawa ya maji ni nzuri au ni mbaya. Yatupasa kusoma chupa.

Wala jambo hili si geni duniani. Mwaka 1938 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilitoa dawa ya meno ya maji iliyoitwa Teel, ikaitangaza kwa nguvu kwamba haina unga wa kukwaruza meno. Watu wakaipenda. Lakini kwa kuwa haikuwa na kitu cha kusugua, meno ya baadhi ya watumiaji yakaanza kushika rangi ya kahawia, hata kampuni ikalazimika kuwashauri wapige mswaki kwa soda ya kuokea mikate mara moja kwa wiki. Mwishowe dawa hiyo ikatoweka madukani. Hatusemi kwamba chupa za leo zitafanya vivyo hivyo. Dawa za leo zimetengenezwa kwa namna nyingine. Tunakumbusha tu kwamba dawa ya maji iliyonunuliwa ili kung'arisha meno iliwahi kuyatia rangi.

Iko kazi ambayo dawa ya maji huifanya vizuri kuliko ile nzito. Mgonjwa aliyelala kitandani, mzee ambaye mkono wake unatetemeka, mtu mwenye vidonda mdomoni asiyevumilia ukali wa mnanaa na kusuguliwa, hao husaidiwa na dawa laini inayoenea kwa urahisi. Anayewauguza anaweza kulowesha kitambaa safi au mswaki laini, akafuta meno na ufizi taratibu. Kwa watu hao tunaikubali bila kusita.

Kwa mtoto mdogo tunasita, na sababu yake ni kipimo. Dawa nzito unaiona: chembe ya mchele ni chembe ya mchele, na ukubwa wa punje ya njegere unajulikana kwa kila mama. Dawa ya maji hudondoka, hupenya kati ya nywele za mswaki, nawe hujui umetia kiasi gani. Ukibonyeza mara mbili badala ya moja, hakuna anayegundua. Tena ikiwa tamu kama peremende, mtoto huimeza. Hapo ndipo swali la dawa linapokutana na swali kubwa la mkoa wetu, yaani maji.

Ndugu msomaji, floraidi hiyohiyo inayosifiwa kwenye boksi la dawa ndiyo inayotia meno ukahawia. Watu wengi hushangaa wakisikia hivyo. Kidogo kikigusa jino kwa nje, hulikinga. Kingi kikimezwa na mtoto kila siku, huingia katika damu na kuliharibu jino lingali ndani ya ufizi, kabla halijaota. Meno ya mbele ya utu uzima huanza kutengenezwa mtoto akiwa na miezi michache tu, na kazi hiyo huendelea hadi umri wa miaka 4 au 5. Meno mengine huendelea hadi kama miaka 8. Mtoto anapofika darasa la kwanza au la pili na kuota meno mapya yenye mabaka meupe kama chaki, ambayo baadaye hugeuka kahawia, ubaya ulikwisha kufanyika zamani, alipokuwa akinyweshwa uji.

Floraidi hiyo hutoka ardhini. Katika nchi zinazopitiwa na Bonde la Ufa, miamba na majivu ya volkano ya kale huyapa maji ya chini madini hayo kwa wingi. Tanzania imo miongoni mwa nchi zinazojulikana sana duniani kwa tatizo hili. Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida, Shinyanga na Mwanza yote ni mikoa inayotajwa. Watu husema "meno ya Arusha" kana kwamba ni ya huko tu, ilhali sisi wa Singida tunayo yetu. Wala haina maana kwamba kila kisima cha mkoa huu ni kibaya. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana. Floraidi haina rangi, haina harufu, wala ulimi hauitambui. Maji meupe na matamu yanaweza kuwa nayo nyingi. Kipimo cha maabara peke yake ndicho kinachoweza kusema.

Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi nchi yetu iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa vyanzo vingi vya vijijini visingefaulu kipimo kikali zaidi. Baadaye kiwango cha taifa kikashushwa kikawa 1.5. Kizazi kizima basi kilikulia kwenye maji yaliyohesabiwa kuwa halali, nacho ndicho leo kinachotafuta chupa za kung'arisha meno.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana hesabu hii ndiyo iliyotufanya tuandike. Dawa nyingi za mswaki za watu wazima zina floraidi ya kiasi cha sehemu 1,000 hadi 1,500 katika milioni. Maana yake ni kwamba gramu moja ya dawa ina miligramu moja hadi moja na nusu. Gramu moja ni ule utepe mrefu unaofunika mswaki wote kama tunavyoonyeshwa kwenye matangazo. Chembe ya mchele ni kama sehemu ya kumi ya gramu. Punje ya njegere ni kama robo gramu. Mtoto akimeza chembe ya mchele yote bila kutema hata kidogo, amemeza miligramu 0.15 hivi. Mtoto huyohuyo akinywa lita moja ya maji yenye miligramu 4, amemeza miligramu 4. Maji yamemshinda mswaki zaidi ya mara 25.

Kwa hiyo wazazi wanaosema, "Meno ya watoto wetu yameharibika kwa sababu ya Colgate", nao huita hivyo kila dawa ya mswaki, wanamsingizia mdogo na kumwacha mkubwa. Lakini yule mtoto anayejitilia utepe mzima mara mbili kwa siku na kuumeza kwa kuwa ni mtamu, huyo anaongeza miligramu 2 au 3 juu ya zile za maji. Hilo si jambo la kupuuza.

Je, basi, katika vijiji vyenye floraidi nyingi watoto waache dawa ya mswaki? Wapo wanaoshauri hivyo. Sisi hatukubaliani nao. Jino lenye mabaka halina kinga ya kutosha dhidi ya kutoboka. Lile lililoharibika sana huwa na gamba dhaifu lenye vitundu, na sukari hulimaliza upesi. Na sukari imefika kila mahali: soda, biskuti, pipi za shilingi chache kwenye mlango wa shule. Mtoto apate dawa, ila kwa kipimo: kiasi cha chembe ya mchele kabla ya kufikisha miaka 3, kiasi cha punje ya njegere kuanzia 3 hadi 6. Mzazi ndiye atie dawa, wala si mtoto. Mtoto afundishwe kutema. Na dawa ikae juu, mahali asipoifikia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa ya mswaki yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa za malaria na za shinikizo la damu. Kitu cha namna hiyo hakifai kuwa mchezo wa mtoto, wala hakifai kutupwa.

Mwenye kuogopa gharama azingatie pia kwamba tyubu ya gramu 70 ikitumiwa kwa punje ya njegere asubuhi na jioni humtosha mtu mmoja siku 140, yaani zaidi ya miezi minne. Dawa zinazotengenezwa hapa nchini, kama Whitedent ya kiwanda cha Chemi & Cotex cha Dar es Salaam, zinatosha kabisa. Angalia neno "fluoride" kwenye boksi, tarehe ya mwisho wa matumizi, na alama ya ubora ya TBS. Chupa au tyubu isiyo na neno hilo ni sabuni yenye harufu nzuri.

Na asiye na mswaki wa dukani? Wazee wetu hawakuwa nao, na wengi walizeeka na meno yao. Mti uitwao mswaki, ambao hauogopi ukame wala ardhi yenye chumvi, umetumika tangu kale kutoka Uarabuni hadi kwetu, na wengine hutumia mdaa au mwarobaini. Wataalamu waliolinganisha walikuta kwamba kijiti kinachotumiwa vizuri husafisha sawa na mswaki wa plastiki. Kutumia vizuri ndiyo shida. Wengi hukitafuna huku wakitembea na kusugua meno ya mbele tu, yale yanayoonekana, na magego husahauliwa. Kata kipande kibichi, menya ncha, tafuna mpaka nyuzi zilainike, sugua kutoka ufizini kuelekea ncha ya jino, ndani na nje. Kesho kata ncha ile, utengeneze nyingine. Hakuna anayekataza kutia dawa kidogo ya tyubu juu ya kijiti. Floraidi haijali imebebwa na nini. Lakini mkaa, majivu na mchanga tunaomba viachwe. Hukwaruza gamba la jino, na gamba hilo likiisha halioti tena.

Turudi kwa vijana wetu. Tunajua wanachotafuta. Binti anayeziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka, kijana anayekwenda kuomba kazi mjini na kujibu maswali kwa midomo iliyofumbwa nusu, hao hawana kiburi cha urembo. Wamechoka kutaniwa. Ndiyo sababu hununua chupa moja baada ya nyingine, na zikishindwa huingia kwenye ndimu na hata asidi. Twawaambia ukweli wasioambiwa na muuzaji: rangi ile si uchafu uliogandia juu ya jino. Imo ndani ya gamba. Dawa yoyote ya kusugua, iwe ya maji, ya povu au ya unga, hufanya kazi juu tu. Ndimu na asidi hula gamba lenyewe. Jino huonekana jeupe kwa wiki moja mbili, kisha huanza kuuma kwa maji baridi, na rangi hurudi ikiwa mbaya zaidi. Daktari wa meno ndiye anayeweza kulikwangua gamba la juu kwa kipimo, au kufunika jino kwa vifaa vya rangi ya meno. Kazi hiyo ina gharama, na si kila hospitali huifanya. Ulizeni kwanza katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Na meno ya kahawia yaliyo mazima ni meno. Hutafuna, na yakitunzwa yatadumu. Bora hayo kuliko meupe yaliyoliwa na asidi.

Kwa watoto ambao bado hawajaota meno ya utu uzima, lipo la kufanya, nalo liko mikononi mwa wazazi. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji mabaya. Miezi sita ya kunyonya bila maji wala uji ni miezi sita ya ulinzi wa meno, mbali na faida nyingine tunazozijua. Baada ya hapo mtoto atengewe maji yake. Maji ya mvua hayana floraidi ya kudhuru. Mvua zetu ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, lakini si chache kama tunavyolalamika. Bati la nyumba ndogo, mita 5 kwa 6, likipata milimita 600 za mvua kwa msimu, hupokea lita 18,000. Hata nusu ikimwagika, zimebaki 9,000. Mtoto anayehitaji lita 3 kwa siku, za kunywa na kupikiwa uji, kwa miezi minane ya kiangazi atatumia kama lita 720. Hizo ni mapipa manne ya lita 200. Mvua ya kwanza iachwe ioshe bati, mapipa yafunikwe vizuri mbu wasiingie, na maji yachemshwe kabla ya kunywa.

Kuchemsha kunaua vijidudu. Hakuondoi floraidi, maji yakipungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huzidi kukolea. Tunalirudia jambo hili kwa sababu akina mama wengi waangalifu hudhani wamekwisha kumaliza kazi kwa kuchemsha. Huko Ngurdoto, Arusha, kipo kituo ambacho kwa miaka mingi kimechunguza namna ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Njia hiyo hufanya kazi, ingawa mkaa huo hutengenezwa kwa utaratibu maalumu na huchoka, ukahitaji kubadilishwa. Asijaribu mtu kuchoma mifupa uani mwake.

Kisha magadi. Tunajua tunagusa sufuria za watu. Mlenda bila magadi, kwa wengi wetu, si mlenda. Lakini wataalamu waliochunguza meno ya watoto hapa Tanzania waliona kwamba magadi ya kupikia huchangia ukahawia hata mahali ambapo maji yenyewe si mabaya, kwa sababu magadi mengine yana floraidi nyingi mno. Hayafanani, ya mahali hapa si kama ya pale, na kwa macho huwezi kutofautisha. Hatuwaombi watu wazima waache mlenda wao. Tunaomba chakula cha mtoto aliye chini ya miaka 8, pamoja na maharage yake, kipikwe bila magadi, na chai ya rangi iliyokolea asipewe, kwa kuwa majani ya chai nayo hukusanya floraidi.

Lipo pia lisilo la mama wala la sufuria. Kisima kinapochimbwa kijijini, wananchi huambiwa kina urefu wa mita ngapi na kinatoa lita ngapi kwa saa, nao hupiga makofi. Kipimo cha floraidi mara nyingi hubaki kwenye makaratasi. Sisi tunaona kisomwe mbele ya mkutano wa kijiji, kwa tarakimu, na kiandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa kisima, ili mama anayechota ajue kama ni maji ya kufulia au ya kumnywesha mtoto. Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, na Wizara ya Maji inazo maabara zake. Kamati za maji ziulize. Kama kisima kilipimwa zamani, wakati kiwango kilikuwa 4, jibu la "kilifaulu" halitoshi. Yatupasa kuuliza namba yenyewe.

Na aliyekwisha kuinunua ile chupa ya maji asiitupe. Aisome kwanza. Ikiwa ina neno "fluoride", aitumie mwenyewe mpaka iishe, na watoto aendelee kuwapimia dawa ya tyubu. Ikiwa haina, aitumie asubuhi kama anaipenda harufu yake, lakini usiku kabla ya kulala apige mswaki kwa dawa ya tyubu, ateme, wala asisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki juu ya meno wakati amelala.